Siku nne za Machi 1920: namna Jamhuri ya Weimar ilivyookolewa, na namna ilivyowalipa walioiokoa

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 13 Machi 1920, kikosi cha askari wapatao elfu tano kilifika kwenye Lango la Brandenburg mjini Berlin, baada ya kutembea usiku kucha kutoka kambi ya Döberitz, iliyoko magharibi mwa jiji. Wengi wao walikuwa wamechora swastika kwenye kofia zao za chuma, miaka kumi na mitatu kabla ya alama hiyo kushika dola. Hakuna risasi hata moja iliyofyatuliwa kuwazuia. Rais Friedrich Ebert, Kansela Gustav Bauer na mawaziri wengi walikuwa wameshapanda magari na kuuacha mji gizani, na saa chache baadaye mtumishi mmoja wa serikali kutoka Prussia Mashariki, Wolfgang Kapp, aliingia katika ofisi ya Kansela na kujitangaza kuwa ndiye mkuu mpya wa serikali ya Ujerumani.

Alikaa humo siku nne tu. Habari za Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya tangu kuanguka kwa Kaisari hadi Hitler, zinapoandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi msimuliaji huruka kutoka Mkataba wa Versailles hadi mfumuko wa bei wa 1923, kisha akatua kwa Hitler mwaka 1933, na kisa hiki cha Kapp kikapewa mstari mmoja, kama tukio dogo lililoshindwa. Naona huko ni kukipunja. Ndani ya siku hizo nne, na hasa katika wiki kumi na mbili zilizofuata, jamhuri hiyo ilionyesha nguvu ambayo haikuwahi kuionyesha tena, na papo hapo ikaitupa. Anayetaka kujua ni kwa nini mwaka 1932 na 1933 watu wachache sana walisimama kuitetea, aanzie hapa.

Hali ya nchi ilikuwa mbaya kabla ya mtu yeyote kula njama. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marka 4.2, kufikia Februari 1920 ilihitaji karibu marka 100. Familia za watu wa kati waliokuwa wameiweka akiba yao katika hati za mkopo wa vita waliona akiba hiyo ikiyeyuka, na wafanyakazi wa viwandani, ambao mishahara yao ilipanda bila kuzifikia bei, walikuwa na njaa ya kweli, si ya maneno. Tarehe 13 Januari 1920 umati ulikusanyika mbele ya jengo la Bunge kupinga muswada wa mabaraza ya wafanyakazi, wakitaka mabaraza yenye nguvu zaidi, na polisi wakafyatua risasi na kuua watu 42. Serikali iliyotoa ulinzi huo wa risasi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi wenyewe, yaani SPD, ikishirikiana na chama cha Kikatoliki cha Zentrum na waliberali wa DDP. Waziri wa Ulinzi, Gustav Noske, naye alikuwa mwana-SPD, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akiwategemea maofisa wa zamani wa Kaisari na vikosi vyao vya kujitolea, Freikorps, kuzima maasi ya mrengo wa kushoto. Upande wa kulia, waziri wa fedha Matthias Erzberger, aliyekuwa ametia saini mkataba wa kusitisha vita na kisha kuwatoza matajiri kodi wasizozizoea, alifunguliwa vita ya kashfa na Karl Helfferich, mwanasiasa wa kizalendo. Kesi yao ilihukumiwa tarehe 12 Machi 1920 kwa namna iliyomlazimu Erzberger kujiuzulu siku hiyo hiyo. Usiku wake, askari wa Döberitz walianza safari.

Kilichowasha moto kilikuwa suala la ajira, na jambo hili linapaswa kusemwa waziwazi kwa sababu maofisa wenyewe walilifunika kwa maneno ya heshima na taifa. Mkataba wa Versailles, ulioanza kutumika tarehe 10 Januari 1920, uliitaka Ujerumani ibaki na jeshi la watu 100,000 tu. Maana yake ni kwamba maelfu kwa maelfu ya maofisa na askari, ambao hawakujua kazi nyingine isipokuwa vita, wangerudishwa mitaani katika nchi isiyokuwa na kazi za kuwapa. Mwishoni mwa Februari, Noske aliamuru vikosi viwili vya wanamaji vivunjwe, kimojawapo kikiwa kile cha Hermann Ehrhardt kilichokuwa Döberitz. Jenerali Walther von Lüttwitz, kamanda wa eneo la Berlin na mshirika wa Kapp katika njama, alitangaza mbele ya askari hao kwenye gwaride kwamba hatakubali kikosi kama hicho kivunjwe. Tarehe 10 Machi alikwenda kwa Ebert na Noske na madai mezani: Bunge livunjwe, uchaguzi uitishwe, wizara zipewe wataalamu, yeye mwenyewe awe mkuu wa jeshi lote, na amri ya kuvunja vikosi ifutwe. Ebert alikataa. Noske akamwambia jenerali kwamba anatarajia ajiuzulu. Hakujiuzulu, alikwenda Döberitz kwa Ehrhardt.

Usiku wa kuamkia tarehe 13, Noske aliwaita makamanda wake ofisini na kuwauliza ni nani yuko tayari kuupinga msafara huo kwa silaha. Kati ya majenerali waliokuwapo, Walther Reinhardt, mkuu wa jeshi la nchi kavu, alikuwa tayari. Hans von Seeckt, mkuu wa ofisi iliyokuwa ikifanya kazi za makao makuu ya jeshi, ambayo mkataba uliyapiga marufuku, alikataa, na hoja yake ilikuwa kwamba askari wa jeshi moja hawapaswi kupigana wao kwa wao. Wengi waliafikiana naye. Seeckt hakujiunga na Kapp. Alirudi nyumbani kwake na kusubiri. Huko kusubiri ndiko kiini cha kisa kizima, kwa maana jeshi lililoapa kuilinda katiba halikuiasi wala halikuilinda. Liliangalia upepo unavumia wapi. Saa kumi na mbili asubuhi Ludendorff, jenerali aliyeongoza vita hadi kushindwa, alionekana karibu na Lango la Brandenburg, na maelezo yake ya baadaye yalikuwa kwamba alitoka tu kutembea asubuhi.

Mawaziri walikimbilia kwanza Dresden, kwa Jenerali Georg Maercker, wakidhani watakuwa salama. Msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kulijua jina hili. Maercker alikuwa mmoja wa maofisa vijana waliokuja Afrika Mashariki na Hermann von Wissmann kuzima vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Sasa, akiwa jenerali mwenye mvi, alipokea amri kutoka kwa Kapp kwamba awaweke kizuizini rais na mawaziri wake. Hakuitekeleza, lakini hakuwapa pia uhakika wowote. Alikuwa vuguvugu kiasi kwamba serikali iliona heri iendelee na safari hadi Stuttgart. Kule kaskazini, mjini Schwerin, Paul von Lettow-Vorbeck, yule yule wa Tanga mwaka 1914, aliyesalimu amri Mbala mwezi Novemba 1918 baada ya vita vilivyomaliza chakula na wapagazi wa nchi nzima, hakusitasita hata kidogo: aliunga mkono mapinduzi waziwazi na kuiondoa madarakani serikali halali ya jimbo la Mecklenburg. Huko Prussia Mashariki, Jenerali Ludwig von Estorff, mkongwe wa vita vya kikoloni vya Namibia, naye aliitambua serikali ya Kapp. Sisemi kwamba ukoloni ndio uliozaa jaribio hili. Ninachosema ni kwamba watu hawa walijifunza kazi yao mahali ambapo ofisa alikuwa sheria, mahakama na serikali kwa pamoja, na hakuna aliyewafundisha kazi nyingine waliporudi kwao.

Kilichoikoa jamhuri kilitoka mahali ambapo majenerali hawakupatazama. Kabla ya kuondoka Berlin, ofisa wa habari wa serikali, Ulrich Rauscher, alitoa mwito wa mgomo mkuu uliobeba majina ya Ebert, mawaziri wa SPD na mwenyekiti wa chama Otto Wels. Baadaye Ebert alijitenga na mwito huo, lakini wafanyakazi walikuwa wameshausikia. Carl Legien, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, mzee wa tahadhari ambaye maisha yake yote alikuwa akiuogopa mgomo wa kisiasa, aliushika kwa mikono miwili. Chama cha Kikomunisti kilitangaza siku ya kwanza kwamba hakitainua kidole kuitetea serikali iliyowaua wenzao, kisha kikageuza msimamo kilipoona wanachama wake wameshaweka zana chini. Vyama vya watumishi wa umma navyo viliingia, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nchi hiyo ya nidhamu ya ofisi. Kwa jumla waligoma watu wapatao milioni 12.

Fikiria Berlin ya Jumatatu, tarehe 15. Treni hazikuondoka na tramu zilibaki ghalani. Umeme na gesi vilikatika, mabomba ya maji yakakauka, magazeti hayakuchapishwa, na mji wa mamilioni ya watu ukalala kwa mwanga wa mishumaa huku askari wa Ehrhardt wakisimama kwenye njia panda bila kujua wamlinde nani dhidi ya nani. Kapp alitoa amri, lakini katika wizara hakukuwa na makarani wa kuziandika wala wakurugenzi wa kuzitekeleza, kwa kuwa wengi waliokuwapo walikataa tu kumtambua. Alihitaji pesa za kuwalipa askari, akatuma watu Benki Kuu, na maofisa wa benki wakajibu kwamba hawaitambui saini yake, hivyo hawawezi kutoa hata marka moja. Nimelirudia jambo hili mara nyingi nikisoma kisa hiki: mtu ana bunduki elfu tano mtaani, lakini karani aliyekaa nyuma ya dirisha la benki anamwambia kwamba hati yake haikidhi utaratibu, na mtu huyo hana la kufanya. Kapp aliamuru viongozi wa mgomo wahukumiwe kifo, na amri hiyo nayo ikafutwa. Tarehe 17 Machi alijiuzulu na kukimbilia Sweden kwa ndege. Lüttwitz alimfuata kujiuzulu siku hiyo hiyo, baada ya kujadiliana na makamu wa Kansela Eugen Schiffer aliyebaki mjini. Adolf Hitler, wakati huo mhamasishaji asiyejulikana nje ya Munich, aliwasili Berlin kwa ndege kuja kuungana nao, akakuta mambo yamekwisha.

Kikosi cha Ehrhardt kiliondoka tarehe 18 kikiimba, kwa safu zilizonyooka. Umati uliokuwa kando ya barabara karibu na Lango la Brandenburg ulipowazomea, askari waliufyatulia risasi na kuua raia kadhaa, kisha wakaendelea na gwaride lao.

Mpaka hapo ni hadithi ya ushindi, na laiti ingeishia hapo. Legien hakukubali kumaliza mgomo kwa sababu tu Kapp ameondoka. Alijua kwamba wale waliosubiri nyumbani bado wapo. Alidai Noske aondoke, wote walioshiriki waadhibiwe, vikosi visivyoaminika vinyang'anywe silaha, ofisi za umma zisafishwe, na migodi ya makaa ya mawe iwekwe chini ya umma. Tarehe 20 Machi vyama vya serikali vilikubaliana naye kwa maandishi, na siku chache baadaye wafanyakazi wakaanza kurudi kazini wakiwa na ahadi hiyo mkononi. Noske kweli aliondoka, na Bauer naye, ambapo Hermann Müller alichukua ukansela tarehe 27 Machi. Lakini tazama nani alipanda na nani alishuka jeshini. Reinhardt, jenerali aliyetaka kupigana kwa ajili ya katiba, alijiuzulu pamoja na waziri wake. Seeckt, aliyekataa, alifanywa mkuu wa jeshi, na akalijenga kwa miaka sita kama dola ndani ya dola, lisilomsikiliza mtu wa Bunge. Sioni uamuzi wa serikali hiyo uliokuwa na gharama kubwa kuliko huu. Watetezi wake husema hakukuwa na jenerali mwingine ambaye maofisa wangemtii. Huenda ni kweli. Lakini wafanyakazi milioni 12 walikuwa wametoka tu kuonyesha kwamba maofisa hawawezi kutawala hata wiki moja bila wao, na hoja hiyo haikuwekwa mezani.

Bonde la Ruhr ndiko ahadi ilikovunjikia. Wachimbaji na wafua chuma wa huko hawakugoma tu. Walichukua silaha, wakavifukuza vikosi vilivyomuunga mkono Kapp, na kufikia mwisho wa Machi jeshi lao jekundu, linalokadiriwa kuwa na watu 50,000, lilikuwa limeshika Dortmund, Essen na miji mingine mingi. Kati yao walikuwamo wakomunisti, wasoshalisti huru wa USPD, wana-SPD na watu wasio na chama. Carl Severing, mwana-SPD aliyetumwa na serikali, alifikia nao makubaliano mjini Bielefeld tarehe 24 Machi: silaha zirudishwe, na jeshi lisiingie. Wengi waliyakubali, wengine wakakataa, na Jenerali Oskar von Watter akaweka masharti makali ambayo hayakuweza kutimizwa kwa muda uliotolewa. Mwanzoni mwa Aprili jeshi liliingia. Miongoni mwa waliotumwa kurudisha utawala wa sheria ilikuwamo brigedi ya Loewenfeld, ambayo wiki tatu nyuma ilikuwa upande wa mapinduzi mjini Breslau. Wafanyakazi zaidi ya elfu moja waliuawa, wengi wao baada ya kukamatwa. Kwa kuwa eneo hilo halikuruhusiwa kuwa na jeshi chini ya Mkataba wa Versailles, Ufaransa ilijibu kwa kuikalia Frankfurt na Darmstadt, na hasira ya umma ikahama kutoka kwa majenerali kwenda kwa Wafaransa.

Kuna tukio moja dogo kwa idadi ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko takwimu zote za Ruhr. Tarehe 25 Machi, huko Thuringia, kikosi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Marburg waliojiandikisha jeshini kwa muda waliwakamata wafanyakazi 15 wa kijiji cha Thal, wakaanza kuwasindikiza kwa miguu, na karibu na kijiji cha Mechterstädt wakawapiga risasi wote mmoja baada ya mwingine. Walidai kwamba mateka hao walijaribu kutoroka. Walishtakiwa, wakaachiwa huru, na wakarudi kumalizia masomo yao.

Mahakama ziliwatazama wakubwa wa njama kwa jicho hilo hilo. Kati ya vinara wote wa jaribio la Kapp, mtu mmoja tu alihukumiwa, Traugott von Jagow, aliyepangiwa wizara ya mambo ya ndani. Alipata miaka mitano ya kifungo cha heshima ngomeni, na majaji walimpunguzia adhabu kwa kuwa aliongozwa na mapenzi yake kwa nchi. Kapp alirudi mwenyewe mwaka 1922 na kufa kizuizini kabla ya kesi yake kusikilizwa. Lüttwitz alisamehewa na akalipwa pensheni ya ujenerali. Lettow-Vorbeck aliondolewa jeshini, ila mwaka 1928 aliingia Bungeni kwa tiketi ya chama cha kizalendo cha DNVP, katika Bunge la jamhuri aliyojaribu kuiangusha. Watu wa Ehrhardt walianzisha genge la siri lililoitwa Organisation Consul, ambalo lilimuua Erzberger mwezi Agosti 1921 na waziri wa mambo ya nje Walther Rathenau mwezi Juni 1922. Bavaria nayo haikurudi ilikokuwa: huko wanajeshi walitumia vurugu za Machi kuiondoa serikali ya SPD na kumweka Gustav von Kahr, na Munich ikawa maskani ya kila aliyekimbia sheria za Berlin, Ehrhardt akiwa mmojawapo.

Wapiga kura walitoa hesabu yao tarehe 6 Juni 1920. SPD ilianguka kutoka karibu asilimia 38 hadi karibu 22. Wasoshalisti huru walipanda kutoka chini ya 8 hadi karibu 18. Waliberali wa DDP walipoteza zaidi ya nusu ya kura zao, ambazo nyingi zilikwenda kulia. Vyama vitatu vilivyoiandika katiba vilipoteza wingi wa viti Bungeni na havikuupata tena hadi jamhuri ilipokufa. Nauona uchaguzi huo kama hukumu ya pande mbili zilizokata tamaa na serikali hiyo hiyo kwa sababu zinazopingana: mfanyakazi aliyegoma aliona amesalitiwa kwa wanajeshi, na mwenye duka aliyetishwa na jeshi jekundu la Ruhr aliona hajalindwa vya kutosha. Ebert alijaribu kuwa katikati, na katikati hapakuwa na mtu tena.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 20 Julai 1932, Kansela Franz von Papen aliiondoa kwa amri serikali ya jimbo la Prussia, ngome ya mwisho ya SPD, na kuiweka Berlin chini ya amri ya jeshi. Waziri wa mambo ya ndani wa Prussia, aliyekuwa na maelfu ya polisi wenye silaha chini yake, alikuwa Carl Severing, yule yule wa Bielefeld. Alisema ataondoka kwa nguvu tu. Jioni walifika ofisini kwake watu wachache, akaondoka. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikutana, wakapima, wakaona kwamba watu zaidi ya milioni tano hawana kazi na kila mgomaji ana mtu wa kushika nafasi yake kabla ya jua kuzama. Walijua pia, maana wengi wao walikuwapo, mgomo wa mwaka 1920 uliwaletea nini wachimbaji wa Ruhr. Waliamua kwenda mahakamani na kuusubiri uchaguzi wa tarehe 31 Julai. Usiku huo taa za Berlin ziliwaka kama kawaida, na tramu zilifika kwa wakati.